Bima haikuuliza habari ya bahari

Mhariri,

Nilipojisajili SHA, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, niliulizwa nyumba yangu imeezekwa kwa nini, choo ni cha aina gani, napikia kuni au gesi. Nikajibu yote. Hakuna aliyeuliza safari ya kwenda kwa daktari ni ya saa ngapi, wala nani hulipa petroli ya boti.

Nakaa katika mojawapo ya visiwa vya Lamu Mashariki. Julai mwaka jana, upepo wa kusi umekaza, mke wa kakangu alishikwa na uchungu usiku. Zahanati ina muuguzi mmoja, na haki yake nimpe, alijitahidi. Alipoona mtoto amekaa vibaya akasema mama apelekwe hospitali Amu, yaani mjini Lamu. Bima imelipwa, ya mwaka mzima. Nahodha akataka petroli kwanza, wala simlaumu, petroli hainunuliwi kwa alama ya kidole ya bima. Majirani wakachanga. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, boti haipiti. Ama tuzunguke nje kwenye mawimbi na mzazi ndani ya boti, ama tungoje yajae. Tukangoja, muuguzi kamshika mkono, mimi nashika tochi. Mama tulimrudisha mzima. Mtoto tulimzika Amu.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, ugomvi wote ni wa makato: asilimia 2.75 kwa mwenye mshahara, na kwa sisi wengine si chini ya Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Mimi kwa hilo sigombi sana, ingawa aliyepanga mvuvi alipe ya mwaka kwa mkupuo hajawahi kukaa na wavu mkavu miezi ya kusi. Kaskazi ikinijalia nitalipa. Ninachouliza ni hiki: Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Je, kungoja maji yajae huku petroli ikichangishwa mlango kwa mlango si kunyimwa?

Kaunti na SHA wasituambie habari ya jengo jipya. Maji tutayangoja wenyewe, tumeyazoea. Nahodha yupo, boti ipo. Wekeni mtungi wa petroli pale zahanati, ufunguo awe nao muuguzi, na nahodha alipwe na bima kama ambulensi ya bara.

Mvuvi,
Lamu Mashariki