Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu

YAH: NGAZI ZA KITUO CHA AFYA ZINAZOANGUSHA WAZEE

Mheshimiwa Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu iliyopita mzee mwingine ameanguka kwenye ngazi zilezile, akielekea dirisha la wazee. Kisogo kimepiga kwenye ukingo wa zege, na nasikia bado amelazwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zilizopitia kwa mtendaji wa kata hazijajibiwa.

Ngazi hizo unazijua, ulizizindua mwenyewe. Ni marumaru zinazong'aa, na hupigwa deki kwa maji ya sabuni asubuhi ileile wazee wa kliniki ya presha wanapoingia. Wengine wanatumia dawa zinazowatia kizunguzungu wakisimama ghafla, halafu hakuna hata chuma kimoja cha kushikia. Siku ya uzinduzi ulituahidi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba vyuma vingekuja awamu ya pili. Nadhani fedha ziliishia kwenye geti. Kama sivyo, tuelezwe.

Mama yangu aliteleza hapo. Alinyanyuka mwenyewe, hakutoka damu, akapewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, na kijiko kikawa kinamponyoka mkononi. Tulipomrudisha tukaambiwa ni uzee. Haukuwa uzee, Mheshimiwa. Kipimo cha CT-Scan kilionyesha damu imejikusanya polepole juu ya ubongo. Daktari alitueleza kwamba ubongo wa mzee husinyaa, vimishipa vinavyoushikilia vikabaki vimevutika, hivyo hata pigo dogo huvikata; na mama alikuwa anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Ikabidi atobolewe fuvu. Namshukuru Mungu yu hai, lakini sasa namwogesha na kumlisha mimi, na genge langu la mboga nimelifunga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee mnayo tangu 2003. Inawezekanaje mzee avunjikie mlangoni kwa huduma mliyomwahidi?

Tunaomba deki ipigwe jioni. Tunaomba mzee aliyegonga kichwa aulizwe dawa anazotumia, na ndugu zake waambiwe dalili za kuangalia kwa wiki zinazofuata: kichwa kuuma, kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa, upande mmoja kulegea. Ila hata hayo yote yakishindikana, Mheshimiwa, wekeni vyuma. Fundi wa kuchomelea yuko ng'ambo ya barabara, anaonekana kutoka dirisha la wazee. Viwekwe kabla ya kliniki ijayo ya presha. Na kama haviwezi kuwahi, dirisha hilo lihamishiwe chini, kwenye ile meza ya mlinzi, wazee wasipande kabisa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa kata yako