Sacco ziondoe nenosiri la benki ndani ya programu

Mhariri,

Januari, shule zikifunguliwa, karani wa Sacco moja ya katikati ya jiji alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi. Foleni ya mikopo ya karo ilikuwa imefika ngazini na mfumo hautumi hata shilingi. Nilipanda matatu kutoka Buruburu nikidhani seva imezima. Nilipofika, seva ilikuwa nzima. Benki ilikuwa imebadilisha nenosiri ambalo programu ya Sacco hutumia kuingia kwenye mfumo wake wikendi, na hiyo ni haki yake, lakini la zamani lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo wa programu hiyo, yaani maagizo yake yaliyoandikwa kwa lugha ya Java. Fundi aliyeuandika alishaondoka, na msimbo asilia, yale maandishi ya awali yanayoweza kurekebishwa, akaondoka nao. Mama mmoja aliyekuja na kijana wake, sanduku la bweni mkononi, alingoja hadi saa tisa akarudi Kayole mikono mitupu.

Nilipoifumua programu hiyo nilikuta jambo lililonitisha zaidi. Ukaguzi wa cheti, ile hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa unazungumza na benki yenyewe, ulikuwa umezimwa: programu ilikubali cheti chochote, hata cha mtu anayejifanya benki. Nadhani cheti cha majaribio kilikataliwa, muda ukambana yule fundi, akaweka mistari michache ya kukubali kila kitu, ikabaki. Tena ilikuwa ikijitambulisha kwa njia ya Basic, ambapo jina na nenosiri huandikwa kwa Base64 tu, mtindo wa herufi ambao yeyote anaweza kuugeuza. Hiyo si siri. Yeyote anayeunasa ujumbe huyasoma papo hapo. Kinga yake ni HTTPS, njia inayofunga mawasiliano yasisomwe njiani, na HTTPS isiyokagua cheti ni kumpa mgeni funguo za nyumba kwa kuwa ametaja jina la mjomba wako.

Kurekebisha kulinichukua siku mbili. Nenosiri sasa limo katika hifadhi iliyofungwa kwenye mipangilio ya seva, na programu hulisoma inapowashwa. Cheti cha benki nilikiingiza katika hifadhi ya vyeti ya Java, kisha nikaifuta ile mistari. Programu tatu za Sacco zilikuwa zikitumia akaunti moja ya kuingilia mfumo wa benki, kwa hiyo tukaiomba benki itoe tatu. Ombi la kutilia shaka likitokea, tunajua limetoka wapi, na tunaifunga akaunti hiyo peke yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Utamwambia nini iwapo akaunti ni moja na hujui ni programu gani iliyovujisha?

Ninawasihi wenyeviti wa Sacco, mkataba na fundi useme kwamba msimbo asilia ni mali ya wanachama. Na kabla ya kumlipa awamu ya mwisho, mwambieni abadilishe nenosiri mbele yenu, pasipo kugusa msimbo, kisha atume shilingi moja.

Mtunza mifumo,
Buruburu, Nairobi