Mmevunja kikoba kwa sababu ya Zohali? Barua ya wazi kwa vijana wa Hombolo, Dodoma

Mbukwenyi, wajukuu zangu.

Naandika hadharani kwa sababu nikiwajia nyumba kwa nyumba mtanipa kigoda, mtasema "ndiyo babu", na kesho mtaendelea kusikiliza ile sauti ya WhatsApp. Afadhali isomwe na wengi, mwone haya kidogo.

Habari yote ninayo. Februari 2025 mlirushiana sauti ya mtu anayejiita mnajimu. Akasema sayari saba zimejipanga mstari mmoja, na kila zikijipanga hivyo serikali huanguka, vita hulipuka, njaa huingia. Na kwamba ikifika Juni noti zitakuwa karatasi za kufungia karanga. Jumapili iliyofuata mkakaa chini ya mbuyu mkavunja kikoba, chama chenu cha kuweka akiba na kukopeshana, mzunguko haujafika hata nusu. Hela ya mbegu za alizeti na ya trekta la Novemba mkagawana kama nyama ya mnadani. Wawili wakauza mbuzi kwa bei ya kutupa. Na wanne, nawajua, msinilazimishe kuwataja, wakamtumia yule bwana shilingi 30,000 kila mmoja ili asafishe nyota zao. Juni ikaja, ikapita. Noti ya elfu kumi bado ni elfu kumi, ila kwenu haipo.

Kutazama nyota hakujanikera. Wazee wetu walizitazama kabla ya kushika jembe. Watu wa pwani wana msemo wao kuhusu kishada cha nyota kiitwacho Kilimia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda. Aliyeitunga alihesabu misimu mingi, na hata leo ukikitazama utaona hajakudanganya sana. Mnajimu wenu alihesabu nini?

Tuanze na huo mstari wake. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nivumilieni. Sayari huzunguka jua karibu katika tambarare moja. Fikirieni wachezaji wanaokimbia kuzunguka uwanja wa mpira na wewe umesimama humohumo: popote walipo, utawaona kwa usawa uleule, hakuna aliyepanda mti wala aliyezama shimoni. Ndivyo ilivyokuwa mwisho wa ile Februari. Saba zilikuwa upande wa jioni kwa pamoja, zimetawanyika toka magharibi hadi upande wa pili wa anga. Uranusi na Neptuni hamkuziona kabisa, maana zinataka darubini. Mliziogopa kwa kuambiwa. Na kama ni mvuto, mwezi ndio mkubwa katika kuyafanya maji yajae na kupwa kule Bagamoyo. Zuhura, hata ikiwa karibu nasi kuliko wakati wowote, mvuto wake wa aina hiyo haufiki sehemu moja katika elfu kumi ya ule wa mwezi.

Sasa msiseme babu anadharau asichokijua. Elimu ya kuunganisha sayari na misukosuko ya mataifa ni ya kale, na waliokuwa nayo walikuwa wasomi wa kweli. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur alipotaka kuweka msingi wa Baghdad aliwaita wanajimu wamchagulie saa. Karne iliyofuata mnajimu Abu Ma'shar, aliyefariki mwaka 886, aliandika kwa kirefu juu ya Mshtarii na Zohali. Sayari hizo mbili hukutana kila baada ya miaka 20 hivi. Yeye na wenzake wakasema mkutano mdogo hubadilisha watawala. Baada ya miaka 240 hivi mikutano huhama kundi la buruji (zile sehemu kumi na mbili za anga ambazo wanajimu huzigawa za moto, udongo, hewa na maji), tuseme toka za udongo kwenda za hewa, na hapo huja dola mpya. Baada ya miaka 960 duara hurudi mwanzo, na hayo ndiyo mambo makubwa kabisa, hadi dini mpya. Ni hesabu nzuri. Hata mimi naipenda, kama mtu anavyopenda saa ya ukutani isiyoonyesha majira sahihi. Ibn Khaldun, ambaye historia ya dola kuinuka na kuanguka ndiyo ilikuwa kazi yake, aliichambua elimu hiyo akaikataa.

Tazameni ilivyofanya kazi. Machi 1345 Mirihi, Mshtarii na Zohali zilikutana katika buruji ya Ndoo. Tauni ilipoikumba Ulaya, mfalme wa Ufaransa aliwauliza mabingwa wa tiba wa Paris chanzo chake, na mwaka 1348 wakamjibu kwamba ni mkutano ule, umechafua hewa. Kijidudu chenyewe hakikujulikana mpaka 1894. Kwa Februari 1524 almanaka ilikuwa imetangaza miaka 25 mapema kwamba sayari zingejazana katika buruji ya Samaki, na watu wakatafsiri kuwa ni gharika. Wapo waliohamia milimani. Huko Toulouse msomi mmoja akajengewa safina. Gharika haikuja. Lakini mwaka huohuo wakulima wa Ujerumani wakaanza uasi mkubwa, na wapo waliozifunga nyota zilezile na uasi huo. Mmeuona mchezo? Maji yakikosekana, watu watafaa.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima na akili zake, ameniambia: "Mwalimu, lakini 2020 wanajimu walipatia!" Kweli, Januari 12, 2020 Zohali na Pluto zilikutana, na tunajua mwaka ule ulivyokuwa. Nasema na mengine kwa haki. Yuko mnajimu Mfaransa André Barbault, aliyefariki 2019, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa ameutaja 1989 kuwa mwaka mzito kwa Ukomunisti, na Novemba 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka. Alikuwa na kipimo chake: anachukua sayari tano za mbali, Pluto ikihesabiwa, anajumlisha umbali kati ya kila mbili, zikisongamana, dunia imechafuka, zikitawanyika, imetulia. Ila kipimo hichohicho kilimfanya aogope vita kuu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyo jirani hakuisikia, kwa sababu utabiri uliokosea hausambazwi na mtu.

Chukueni kalamu. Sayari tano, kila mbili ni jozi: jozi kumi. Kila jozi, kwa mnajimu, ina mahali pane pa hatari: zikikutana, zikikabiliana, na zikiwa robo duara kwa kila upande. Ni arobaini hizo. Mruhusu na mwaka mmoja mbele na mmoja nyuma, maana wao hujiruhusu. Nitajieni mwaka ambao hautaguswa. Halafu nitajieni mwaka ambao hakuna mahali duniani palipopinduliwa mtu.

Hata sisi tungeweza kuingizwa. Mshtarii na Zohali zilikutana Februari 1961. Desemba tukapata Uhuru. Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, nchi haijatimiza hata miezi miwili, akamwachia Kawawa. Siku chache baadaye, Februari 4 na 5, jua, mwezi na sayari tano zikajazana katika buruji ya Mbuzi na jua likapatwa. India watu walikesha wakisali wakingoja mwisho. Mnajimu angeshangilia namna gani hapo! Lakini Mwalimu alisema mwenyewe kwa nini anaondoka: anakwenda kukijenga chama. Uhuru nao ulikuwa na watu, mikutano, kadi za TANU na miguu iliyotembea.

Hapa ndipo ninapokasirika, na nitakaa hapa kidogo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa binti mdogo wakati wa Mtunya. Wangapi kati yenu mnalijua neno hilo? Sauti ya mnajimu mnaikariri. Mtunya, iliyowazika ndugu wa babu zenu katika udongo huu mnaopanda zabibu, hamuijui. Ni njaa ya Ugogo ya 1918 hadi 1920. Inakadiriwa iliondoka na watu 30,000 kati ya 150,000 hivi. Bibi mpaka anakufa hakuwahi kuacha punje ya uwele kwenye ungo. Alikuwa akiziokota kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate. Alitusimulia kwa mpangilio, kama anayetoa ushahidi. Kwanza Wajerumani, walichukua ng'ombe na nafaka za vita vyao. Halafu 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao askari wao walikuwa na matumbo. Wanaume wakakamatwa kubeba mizigo ya majeshi. Kaka zake wawili walikwenda, hakurudi hata mmoja. Vihenge vikabaki vitupu. Mvua ikakosa juu ya hayo. Ikaja homa ya mafua ikamalizia waliokuwa wamesimama. Ukimuuliza njaa ilitoka wapi, alikutajia watu, mmoja baada ya mwingine.

Nendeni kwa mnajimu na tarehe hizo. Mshtarii na Zohali zilikutana Septemba 1921, waliokufa wameshazikwa. Atasema basi ni Zohali na Pluto, zilizokutana 1914. Mwambieni Pluto iligunduliwa 1930. Ule mkutano ulipofanyika hapakuwa na binadamu aliyeuona, umekuja kuchomekwa kwenye historia vita vimeshapiganwa. Ukisema Zohali ndiyo iliyoleta Mtunya, umemsamehe aliyekomba kihenge. Hivyo ndivyo unajimu wa mataifa unavyotumika, wajukuu zangu, na ndiyo maana wakubwa hawajawahi kuuogopa.

Na wakubwa wenzangu nisiwaache. Mtoto wa darasa la sita anakariri majina ya sayari na hakuna mwalimu aliyemtoa nje usiku akamwonyesha moja. Anga la hapa kwetu wakati wa kiangazi halina wingu miezi mizima, tena ni bure. Bei ya mahindi inapanda, mkulima haambiwi kwa nini. Bei ya zabibu inaporomoka siku ya mavuno, haambiwi kwa nini. Mtu asiyeelezwa atamsikiliza yeyote mwenye maelezo. Nguzo za umeme zimejaa vibao vya wasafisha nyota. Kila uchaguzi ukikaribia, magari yenye vioo vyeusi yanajulikana yanakwenda wapi usiku. Nasi wazee mikutanoni tunasinzia, tunaamka kwenye soda. Kwa hiyo mkiogopa siwacheki. Mnaishi kwa mvua ya msimu mmoja, na ikikosa, imekosa hadi mwakani. Mwenye maisha hayo ana haki ya kutaka kujua kesho. Ila aulize wanaopima: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya msimu, nayo hukosea wakati mwingine, lakini kosa lake linaonekana na linaandikwa.

Mengine kwa ufupi. Mbuzi jike mwenye mimba hauzwi kwa hofu. Sauti isiyo na jina la msemaji isirushwe. Asiyekuja mkutanoni asipige kura kwa simu. Mtu akiomba namba yako ya siri ili "aiombee", kata simu. Mama zenu waliweka akiba kwenye kibuyu na hawakukivunja hata kidogo kabla ya wakati.

Na wale wanne: msifungane midomo kwa aibu. Mimi mwenyewe mwaka 1974, kijana mwenye cheti cha ualimu mfukoni, nilimlipa mtu anitazamie nyota kuhusu uhamisho. Akaniambia nitaishi karibu na maji mengi. Nikapangiwa Manyoni, kwenye nchi kame.

Jumamosi nitakuja saa kumi na moja jioni. Naleta darubini yangu ya zamani, na nitakuwa wa kwanza kununua hisa za mzunguko mpya. Nyinyi leteni daftari na sanduku, na funguo zote tatu. Huo wa tatu mpaka leo hakuna anayekubali kuwa anao.

Babu yenu, mwalimu mstaafu.