Wosia usiotiwa saini haumlindi mjane wala yatima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu ambao wameshaanza kuandika wosia lakini hawajaumaliza. Wale ambao hawajaanza kabisa huonywa mara kwa mara. Hawa wengine hujiona wako salama, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa mipango. Miaka minne kabla ya kufariki aliketi akaorodhesha mali zake zote, madeni yake na namna alivyotaka kila kitu kigawanywe, akaichapa kazi hiyo vizuri na kuihifadhi kwenye faili. Hakuitia saini. Alisema angeirudia atakapomaliza kulipia kiwanja, baadaye akasema atakapozaliwa mtoto wa mwisho, na siku zikapita. Alipotutoka ghafla, karatasi ile ilitueleza alichokitaka, lakini mbele ya mahakama haikuwa na uzito wowote. Mali yake iligawanywa kama ya mtu asiyeacha wosia, na mjane wake, ambaye alikuwa amesoma kwa macho yake kile alichokusudiwa na mumewe, ilimbidi asubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe kabla ya kugusa hata akaunti iliyokuwa ikilipia ada za watoto.

Lililotuuma zaidi ni bima ya maisha. Marehemu aliikata akiwa kijana ambaye hajaoa, akamwandika mama yetu kuwa mnufaika, na mama alitangulia miaka mingi kabla yake. Fomu ile haikubadilishwa kamwe. Fedha ambazo zingemfikia mjane moja kwa moja zikaingizwa kwenye mirathi, nazo zikasubiri pamoja na vitu vingine vyote. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wengi hawajui kwamba bima na mafao ya pensheni, katika nchi nyingi, hulipwa kwa kufuata jina lililomo kwenye fomu ya mnufaika, si kwa kufuata wosia. Hata wosia ulioandikwa na wakili hodari hauwezi kurekebisha jina lililosahaulika kwenye fomu ya miaka ishirini iliyopita. Nyumba inayomilikiwa kwa pamoja na wanandoa nayo mara nyingi humwendea aliyebaki hai, wosia useme usemavyo, kutegemea namna umiliki huo ulivyoandikishwa. Kwa hiyo hatimiliki isomwe upya kabla ya mtu kuandika kwamba anampa fulani nyumba.

Kuhusu saini na mashahidi, masharti si magumu, ila hayasamehewi kirahisi. Sheria ya wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo imekuwa mfano kwa sheria za nchi nyingine nyingi, inataka mwenye wosia atie saini, au aikiri saini yake, mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja, nao waweke saini zao mbele yake. Sheria hiyo hiyo inambatilishia shahidi, pamoja na mume au mke wake, zawadi yoyote aliyoachiwa katika wosia alioushuhudia. Hebu fikiria mzazi anayemwita binti yake na mkwewe washuhudie wosia unaompa binti huyo shamba: kwa upendo wake mwenyewe amemnyang'anya. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, na pia kati ya dini na dini. Muislamu, kwa mfano, huusia isiyozidi theluthi moja ya mali yake, na theluthi hiyo si kwa warithi ambao tayari wamepangiwa mafungu. Ndiyo maana ninasisitiza kumwona mwanasheria badala ya kunakili wosia wa jirani.

Wapo wanaodhani kwamba matatizo haya ni ya watu wasio na elimu au wasio na fedha za kumlipa wakili. Abraham Lincoln alikuwa wakili kabla ya kuwa Rais wa Marekani, na alipouawa mwaka 1865 hakuwa ameacha wosia. Mwanamuziki Aretha Franklin alifariki mwaka 2018, na mwanzoni ilidhaniwa kwamba hakuacha kitu kwa maandishi. Mwaka uliofuata zilipatikana nyumbani kwake karatasi alizoziandika kwa mkono, moja ya mwaka 2014 ikiwa katika daftari chini ya mito ya kochi, nyingine ya miaka ya nyuma zaidi ikiwa ndani ya kabati. Karatasi hizo hazikukubaliana. Wanawe wakafikishana mahakamani, na ilikuwa mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba ile ya mwaka 2014 ndiyo wosia. Mama huyo aliandika, tena zaidi ya mara moja. Hakumaliza.

Kumaliza kuna sehemu nyingine ambayo tunaisahau kwa sababu akili yetu iko kwenye kifo pekee. Mtu anaweza kupata kiharusi akaishi miaka kumi asiweze kuzungumza wala kutia saini. Wosia hauna kazi katika miaka hiyo, kwani huanza kufanya kazi anapokufa. Anahitaji hati ya nguvu ya uwakili inayompa mtu anayemwamini mamlaka ya kushughulikia mambo yake, na hati hiyo ieleze wazi kwamba itaendelea hata akipoteza uwezo wa kuamua, kwa kuwa katika nchi nyingi hati ya kawaida hukoma hapo hapo inapohitajika zaidi.

Wenye watoto wadogo wamtaje pia mlezi, na wamwombe kwanza. Nimeona mtu akisoma jina lake katika wosia siku ya msiba, akiwa hajawahi kuulizwa kama yuko tayari. Anayefaa kuwalea watoto si lazima awe ndiye anayefaa kuwatunzia fedha, na hakuna ubaya kuwagawia kazi hizo watu wawili.

Najua wengine huona kwamba kuandika wosia ni kujichuria. Ninaiheshimu hofu hiyo, maana kaka yangu naye alikuwa nayo ingawa hakuitamka, na nimekuja kuamini kwamba ndiyo iliyokuwa ikimfanya aahirishe kila mwaka.

Mhariri, ninakuomba jambo moja. Gazeti lako litenge safu, hata ya mara moja kwa mwezi, ambamo wanasheria watajibu maswali ya wasomaji kuhusu wosia na mirathi kwa lugha tunayoielewa. Na msomaji mwenye rasimu ndani ya mtoto wa meza aitoe wiki hii, aitie saini mbele ya mashahidi wanaostahili, kisha amwambie mtekelezaji wa wosia aliyemteua mahali ilipo.

Wako katika ujenzi wa familia,
Msomaji wa siku nyingi