Mama na redio yake

Shoga angu mambo,

Nisamehe nimekuwa kimya, mama ndo kanichanganya. Nilikwambia miguu inauma, mara tumbo, mara kichwa kinawaka moto, usiku halali? Tumezunguka naye aisee, dawa za vidonda vya tumbo kanywa, malaria kapimwa sijui mara ngapi, dozi ya presha ikaongezwa, kuna daktari akanambia dada huyu ana miaka 74 unategemea nini, ni uzee tu huo, na mama yupo palepale anasikia! Akamwandikia amitriptilini alale, usiku kaenda chooni kadondoka.

Mi kilichonitisha ni redio. Mama asiyekosa matangazo ya vifo, redio imezima betri zimevuja humohumo na wala haulizii. Akaanza na kusahau, chumvi anatia mara mbili, nikajua basi akili ndo inaondoka hivyo.

Sasa juzi tumempata daktari kabinti tu, akamwambia bibi, siku hizi nini kinakufurahisha? Mama kimyaaa, machozi hayo. Akamuuliza maswali 15 ya ndio na hapana, umeacha vitu ulivyokuwa unavipenda, unajiona huna thamani, hakuna hata moja la tumbo wala usingizi maana hayo anasema karibu kila mzee anayo hayakuoneshi kitu. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Eti wazee wengi hawasemi nina huzuni, wanasema mwili unauma, na madaktari wanaufata huohuo mwili. Kuhusu kusahau akasema mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi atabahatisha jibu afiche, ila mama kila swali "sijui mwanangu", hata hajaribu. Hakukata shauri hapohapo lakini, kapima kwanza tezi ya shingo na vitamini B12 maana navyo vinaleta hali hiyohiyo, viko sawa. Amitriptilini kaikata, kampa setralini, dawa ya sonona, dozi ndogo, nisitegemee mabadiliko kabla ya wiki 4 mpaka 6, na tutarudi kupima chumvi ya kwenye damu, kwa wazee dawa hii inaweza kuishusha.

Na sisi watoto tangu baba afariki tulikuwa tunamwambia jikaze mama, basi.

Wiki ya pili hii, sijaona kitu bado. Ukipita Kariakoo niangalizie betri zile kubwa za redio, nne, nitaziweka tu, aulize asiulize.

Wako wa siku zote