Risala ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi: Mlango wa Pili wa Bweni la Mawenzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako,
Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wenzetu,
Wahitimu wetu wa kidato cha nne,
Mabibi na mabwana,

Shikamooni wakubwa wetu. Kwa niaba ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa bweni, tunakushukuru sana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kupanda kutoka Moshi mjini hadi huku kwetu mlimani, katika barabara ambayo mvua za masika zimeiacha na makorongo. Kufika kwako ni heshima kwa watoto hawa 61 wanaohitimu leo, na ni heshima kwetu sisi tuliowalea.

Shule yetu ilianza kwa nguvu za wananchi. Yalikuwepo madarasa mawili na ofisi moja, mabati yakachangwa nyumba kwa nyumba, mawe yakabebwa vichwani kutoka mtoni, na leo tuna madarasa nane na mabweni mawili ya wasichana tuliyoyapa majina ya vilele vya mlima wetu, Kibo na Mawenzi.

Mafanikio ni makubwa na tunayaona kwa macho. Tuna tangi la maji la lita 5,000 lililowekwa mwaka jana. Bustani ya shule imewezesha wanafunzi kula mboga za majani mara mbili kwa wiki. Timu ya netiboli imefika ngazi ya wilaya kwa mara ya kwanza. Tena tunayo Klabu ya Zimamoto yenye wanachama 14, ambayo sisi wazazi tunaamini inastahili kuigwa na shule zote za Mkoa wa Kilimanjaro, kwani watoto hao wamejifunza wenyewe, wakiongozwa na mwalimu wao wa fizikia, kusoma kipimo cha mtungi wa kuzimia moto, kujaza ndoo za mchanga kila Jumamosi, na kuandika kwa rangi nyekundu namba ya dharura 114 kwenye ukuta wa bwalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ridhaa yako tunaomba muda uliobaki tuutumie kwa jambo moja tu. Tunajua wageni rasmi husomewa mahitaji mengi, na sisi pia tuna upungufu wa viti na wa walimu wa hisabati. Tumekubaliana katika kikao kuyaacha hayo yote pembeni leo, ili hili lisikike.

Katika mkoa huu hakuna mzazi wa mtoto wa bweni anayehitaji kuelezwa moto ni nini. Mwaka 1994, katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, wasichana zaidi ya 40 walifariki dunia kwa moto wa bweni. Mmoja wa wajumbe wa kamati yetu ni mama mzaliwa wa Rombo, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka 14, na hadi leo binti yake akirudi shuleni humuuliza kwanza analala kitanda cha wapi, kabla ya kumuuliza kama ana sabuni. Mwaka 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Mwaka 2020 ikawa Kyerwa, Kagera, watoto wadogo wa shule ya msingi. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2001 huko Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67 katika bweni ambalo mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo, na mwaka 2024 wavulana 21 walikufa huko Endarasha, Nyeri. Tunaitaja Kyanguli kwa makusudi, kwa sababu bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mawenzi, wanamolala mabinti zetu 96, lina mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu shule ilifanya zoezi la kwanza la kujiokoa, saa tisa usiku, bila kuwaarifu wanafunzi wala sisi. Nia ilikuwa njema na hatumlaumu yeyote. Hata hivyo kengele ilipogongwa, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa matroni. Ufunguo ulifika baada ya dakika nne. Kwa dakika nne watoto wetu walipiga mlango kwa viganja wakiamini kwamba bweni linaungua. Mmoja mwenye pumu alizidiwa, na mwingine aliteguka mguu barazani baada ya mlango kufunguliwa. Asubuhi yake simu zilianza kutufikia, na kabla ya saa nne baadhi yetu tulikuwa getini. Mzee mmoja anayemlea mjukuu wake alitoka Uru kwa bodaboda, akamwambia Mkuu wa Shule kwamba amemleta mtoto kusoma, hakumleta kutishwa.

Katika kikao kilichofuata wazazi tuligawanyika. Wapo waliotaka mazoezi haya yasitishwe kabisa, kwa hoja kwamba mtoto aliyetishwa usiku hasomi mchana, na kwamba kulitaja balaa mara kwa mara ni kuliita. Wapo waliosema yafanyike kila mwezi. Wengi wetu tulikuwa katikati, tukiwa na hofu ya zoezi na hofu ya moto kwa pamoja, bila kujua ipi tuitangulize. Matroni alisimama akaeleza, kwa machozi, kwa nini hufunga kwa nje: mwaka juzi watu wasiojulikana waliingia katika uwanja wa shule usiku, na tangu hapo sisi wenyewe wazazi ndio tuliomwagiza afunge. Ni kweli, tulimwagiza. Kufuli lile ni letu sote.

Tulikubaliana zoezi la pili lifanyike mchana, wazazi wakiarifiwa wiki moja kabla, na wanaoweza wahudhurie. Lilifanyika mwezi wa tano. Mimi ninayeisoma risala hii nilikuwepo, kwa kuwa binti yangu yuko kidato cha pili na analala Mawenzi. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Mlango ukiwa wazi, wasichana 96 walitoka kwa mistari, wakiwa wameinama kama walivyofundishwa, kwa sababu moshi hupanda juu na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu, tena moshi wa magodoro ya sponji ni sumu inayoweza kumwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Walifika chini ya mparachichi, ambapo ndipo mahali pao pa kukusanyikia, na viranja wakaita majina. Zilitumika dakika mbili na sekunde 40. Tulipiga makofi.

Kisha mwalimu akawarudisha ndani, akaweka benchi lenye kitambaa chekundu mlangoni, akawaambia kuwa sasa moto upo hapa. Kengele ikapigwa. Sisi tulikuwa tumesimama nje, upande wa madirisha. Wasichana walikuja mbio hadi kwenye benchi, wakasimama. Wakageukia madirishani, wakashika nondo, wakatuangalia. Nondo zile zimechomelewa kwenye fremu na hazifunguki. Baada ya muda mfupi, mmoja baada ya mwingine, wakakaa sakafuni, wakanyamaza, wakasubiri kengele ya kumaliza. Hakuna aliyewaambia wakae. Walikaa kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu siku ile mgawanyiko wetu umekwisha. Yule mzee wa Uru ndiye aliyesema kwanza kwamba mazoezi yaendelee, ila watoto wapewe pa kutokea. Kinachotuumiza ni kwamba tumewafundisha watoto kujiokoa, wamefundishika, na jengo ndilo linalowakataa.

Huenda ukajiuliza, Mheshimiwa, kwa nini jambo hili halijafika mbele ya wahusika. Lilifika. Katika mahafali ya mwaka 2022 risala yetu iliomba mlango wa pili, na mgeni rasmi wa siku ile, tunayemheshimu sana, alisimama mahali uliposimama wewe ulipotusalimu, akaahidi kwamba mlango utakuwepo kabla ya Krismasi. Tulimpigia makofi na kina mama wakampa mkungu wa ndizi. Mwezi uliofuata alikuja fundi, akapima ukuta wa mashariki, akachora kwa chaki umbo la mlango, upana na kimo, akaondoka. Mwaka 2023 mgeni rasmi mwingine alituhakikishia kwamba suala hilo liko katika hatua za mwisho, akaongeza ahadi ya mitungi 10 ya kuzimia moto na wataalamu wa kuendesha mazoezi. Mwaka 2024 tuliambiwa tuvute subira. Tumevuta. Mabweni yalipopakwa rangi mwezi wa kwanza, tulimwomba mpaka rangi aruke kipande kile cha ukuta, ili chaki isifutike na mtu asije akatuambia kwamba vipimo havijachukuliwa. Ukiutazama ukuta ule leo utaona mlango wa rangi ya zamani katikati ya rangi mpya.

Hatukukaa mikono mitupu. Kwa hiari yetu tumenunua mifuko 12 ya saruji, tumeleta mchanga na kokoto, na wazazi watatu ambao ni mafundi ujenzi wamejitolea nguvu zao bila malipo. Tungeweza kuubomoa ukuta ule kwa siku moja. Lakini ukuta wa mashariki unabeba kenchi za paa, nasi tumeelezwa, na tunakubali, kwamba jengo la umma haliguswi bila mhandisi kulikagua, kuelekeza linta iweje na kuweka saini yake. Saini hiyo ndiyo tunayoisubiri tangu 2022.

Kwa hiyo tunachokuomba kwa unyenyekevu ni hiki. Kwanza kabisa utusaidie mhandisi apande hapa, kwa tarehe inayotajwa leo mbele ya mkutano huu na kuandikwa katika kitabu cha wageni. Pamoja na hilo, tunaomba mlango wa chuma unaofungukia nje, wenye komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, ili watoto wasifikiwe na watu wa nje na wakati huohuo wasifungiwe. Na madirisha manne, mawili kila upande, yawekewe nondo za bawaba. Kazi ya kuchomelea inazidi uwezo wetu, nasi tunasema hivyo bila kuficha. Mwisho, tunaomba askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje waongoze zoezi moja kila muhula, wazazi tukiarifiwa mapema, kwa kuwa gari la zimamoto likitoka mjini lina mlima wa kupanda, na dakika za mwanzo zitakuwa za watoto wenyewe.

Kama lipo kati ya haya usiloweza, Mheshimiwa, tunakuomba kwa heshima zote utuambie leo hii kwamba haliwezekani. Hatutakuona vibaya. Tutajua tuelekee wapi, na hatutalala tena mwaka mzima tukihesabu ahadi kama mtu anayekosa usingizi akihesabu boriti za paa.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya chakula utaelekea moja kwa moja kwenye gari. Tumemwomba Mkuu wa Shule, naye ameridhia, itengwe robo saa kabla ya hapo. Bweni la Mawenzi liko nyuma ya bwalo hili, mwendo wa dakika mbili kwa miguu. Matroni yuko mlangoni na ufunguo, na wanachama 14 wa klabu wako tayari kukuonyesha ule ukuta.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Kamati ya Wazazi wa Wanafunzi wa Bweni