Kabla hujafungua injini kwa ajili ya cheni, tuiangalie oili

Msimu wa karafuu uliopita alitufikia gerejini mteja kutoka Wete na Toyota IST yake. Taa ya injini inawaka, gari ikipanda kilima haina nguvu, ikisimama kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka mpaka usukani. Huko alikotoka alishaambiwa cheni ya taimingi imekwisha, injini ifunguliwe, na hela ya vifaa aitume Unguja siku hiyo hiyo. Tulisoma kodi, namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari: P0011. Tukachomoa kijiti cha oili. Nyeusi, nzito, inanata kidoleni. Tatizo lilikuwa oili, si cheni. Jioni alirudi Wete na cheni yake ile ile, na bado anaitumia.

Watu wa hapa Pemba gari moja inabeba mizigo ya nyumba nzima. Kumfungulia mtu injini pasipo haja ni kumtia kwenye deni, na hilo linatuuma.

Kemshafti ndiyo inayofungua na kufunga vali. Krenkshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, na cheni ndiyo inayoziweka pamoja. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ambayo imo ndani ya IST, Probox na Raum nyingi, pana jambo la ziada: gia ya kemshafti ya upande wa kuingiza hewa husogezwa mbele au nyuma kidogo kwa nguvu ya oili. Hiyo ndiyo VVT-i. Kompyuta inaamuru, vali ndogo ya umeme inapitisha oili, gia inasogea. Oili ikishakuwa tope, gia haifiki inakotakiwa, au inakwama huko huko.

Kwa hiyo P0011 inasema kemshafti imekaa mbele kuliko ilivyoamriwa, na P0012 inasema imekaa nyuma. P0016 ni nzito zaidi: ishara za krenkshafti na kemshafti hazipatani. Hapo cheni iliyorefuka au iliyoruka jino inashukiwa kweli, lakini hata hapo hatuanzi kwa spana.

Tunaanza na oili, kiasi chake na hali yake. Halafu tunaitoa ile vali ndogo ya umeme na chujio lake dogo, ambalo kwenye gari zilizotembea sana mara nyingi tunalikuta limejaa masizi. Vali tunaipima kwa mita: koili yake inatakiwa isome kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye joto la nyuzi 20, na kwa joto la mchana wa Chake Chake husoma juu kidogo. Kisha kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Injini ikiwa kwenye sailensa, tunaipa vali umeme wa betri moja kwa moja. Injini ikitetemeka vibaya au ikizimika, tunafurahi, kwa sababu oili inapita na gia inasogea. Isipobadilika chochote, ama vali imekwama, ama njia ya oili imeziba, ama gia yenyewe imeshika.

Yote hayo yakiwa sawa na kodi bado inarudi, ndipo tunafungua kava la juu. Tunaizungusha krenkshafti kwa mkono mpaka alama ya pulii ikae kwenye sifuri, tunaangalia alama za gia mbili za kemshafti. Pingili za rangi za cheni tusizibabaikie: hizo ni za kufungia tu, na injini ikishazunguka huchukua mizunguko mingi kabla hazijarudi mahali pake. Tumeona cheni nzima zikitupwa kwa sababu ya pingili hizo. Alama za gia zikiwa zimepishana, au kikaza cheni kimeshatoka karibu chote, hapo tunakwambia bila kusita: badilisha cheni, reli zake na kikaza, vyote pamoja. Usiendelee kuiendesha. Cheni ikiruka zaidi, vali za injini zinaweza kugongana na pistoni.

Dalili moja mwenye gari anaweza kuisikia mwenyewe: mlio wa minyororo kwa sekunde chache injini inapowashwa asubuhi, kisha unapotea oili ikishapanda. Ukianza kuusikia mpaka injini ikiwa ya moto, lete gari.

Wenye Hiace za dizeli za 3L na 5L, nyinyi mna mkanda badala ya cheni, na mkanda haupigi kelele, hukatika. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama gari umeinunua na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba umeshafika.

Ukija kwetu kwa tatizo hili, ilaze gari gerejini usiku uliotangulia, au uilete mapema tuiache ipoe, tuusikie mwasho wa kwanza. Usimruhusu mtu aifute kodi kabla. Na tuambie kweli oili ulibadilisha lini na ni ya aina gani, hata kama ni zamani, hatukugombezi.